Pasi ya Mkaa na Meza ya Wisti

Nimestaafu Jumamosi iliyopita. Nina miaka kumi na minane, kwa hiyo mjomba wangu, Kalu Wani, akilisikia neno hilo anacheka mpaka anakohoa. Lakini sijapata neno lingine. Ukisema umeacha kazi watu wanadhani mmegombana, na mimi na kazi yangu hatukugombana. Nimemkabidhi binamu yangu Poni pasi, meza, na ile nafasi yetu kwenye lodge moja ya mtaa wa Hai Amarat, hapa Juba. Najua Poni hataniuliza kitu, na mimi nikiwa sijaulizwa huwa siongei. Ndiyo maana naandika, kwa ajili yake na kwa yeyote atakayesimama pale baada yake.

Pesa sitaziongelea. Zilikuja, zikaenda shule. Hiyo ndiyo historia yake yote.

Lazima nianze na karata, maana nilijua karata kabla sijajua pasi. Tulikuwa tunaishi Nakuru. Mama alibaki kule kwa kazi ya saluni, mimi nikarudishwa Juba kukaa na Haboba, yaani nyanya yangu, nyumbani kwake mtaa wa Juba Na Bari. Kiarabu cha Juba nilikuwa nakisikia tu, kukisema siwezi. Kiswahili changu cha Kenya kiliwachekesha watoto wa jirani waliotoka Uganda. Nikanyamaza. Kunyamaza si kugumu, ukizoea unaweza kumaliza mwaka mzima hivyo.

Kalu Wani ni karani wa mizigo kwenye bandari ya mto. Akitoka kazini alikuwa anaweka meza barazani, na marafiki zake wanakuja na karata. Mimi nilileta kadi, ule mchezo wetu wa Nakuru. Kwenye kadi kila mtu anacheza peke yake, na ukikaribia kumaliza lazima utangaze mapema kwa sauti, "Niko kadi!" Usipotangaza, huruhusiwi kushinda. Basi mimi nilikuwa nafika pale pa kutangaza, wanaume wote wananiangalia, mdomo unakauka. Naokota karata nyingine naanza upya. Nilishindwa michezo mingi ambayo nilikuwa nimeshaishinda.

Siku moja Kalu akanionea huruma, au labda walikuwa wamepungukiwa na mtu mmoja. Akaniambia, "Binia," yaani msichana, "wewe akili unayo, koo ndiyo huna. Njoo kwenye wisti. Huku anayeongea ndiye anayefukuzwa."

Wisti inachezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, na mwenzako anakaa mbele yako. Pale kwetu humchagui mwenzako. Karata zinakatwa: wenye mbili kubwa wanakuwa upande mmoja, wenye mbili ndogo upande mwingine. Unaweza kupewa mtu mliyetukanana jana. Kuongea hairuhusiwi, kukonyeza hairuhusiwi. Unachotaka kumwambia mwenzako unamwambia kwa karata unayotupa. Ukitupa kopa ndogo mapema, amejua kopa zako ni mbaya. Na mwisho hazihesabiwi ulizokula wewe, zinahesabiwa mlizokula nyinyi wawili. Wakishindwa wanasimama, wengine wanakaa.

Ilikuwa kama mtu amekaa akafikiria, nitamtungia yule msichana mchezo wake.

Nikawa mzuri. Naweza kusema hivyo kwa sababu si sifa, ni kukumbuka tu. Nilikumbuka kila karata iliyotoka na nani aliitoa. Krismasi mitaa ikishindana nilikuwa nakaa meza ya Juba Na Bari. Wageni mwanzo walikuwa wanauliza kama nimekuja kuleta chai. Baadaye walikuwa wanaomba chai wao, ili wapumzike.

Haboba hakupenda. "Karata ni mlango wa shetani," aliniambia.

"Haboba, hatuchezi pesa."

"Shetani naye hachezi pesa, biniti yangu. Anacheza muda."

 

Nilipomaliza Senior Two, yaani kidato cha pili, ada ikakosekana, nikakaa nyumbani. Haboba akaniita, akaniambia bila kugomba, na yeye asipogomba ndiyo ujue ameshaamua. Nina muda mpaka shule zifunguliwe mwaka unaofuata. Nikiwa nimepata njia ya kujisomesha, nirudi darasani. Nikikosa, niende Torit kwa mama mdogo kumlelea mapacha. Mapacha hawana kosa, nawapenda. Lakini nilimjua dada wa jirani aliyeenda kulea hivyo kwa "mwaka mmoja tu". Watoto aliowalea sasa wanaenda shule. Yeye haendi.

Nilimwambia Kalu nataka kuuza chapati. Hakuinua hata macho kwenye karata zake. "Wewe unaangalia kwanza mkononi mwako. Angalia meza. Meza imeshatoa nini, na inakosa nini?"

Nikaenda kukaa Amarat kwenye kivuli cha ukuta, siku kadhaa, naangalia tu. Chapati zilikuwa zimetoka zote. Kila hatua chapati, chai, vocha za simu, viatu vya mtumba. Lakini wahudumu wa hoteli, walinzi, madereva wa maofisi, wote wana yunifomu, na yunifomu zao zilikuwa na mikunjo kama uso wa mtu aliyeamka sasa hivi. Wengi ni Wakenya na Waganda wanaokaa watano chumba kimoja. Umeme wa kupiga pasi wataupata wapi? Hiyo karata hakuna aliyekuwa ameitupa.

Sasa vifaa, Poni, soma hapa vizuri. Pasi ni ile ya mkaa ya Haboba, yenye jogoo wa chuma kwenye komeo. Ni nzito na hilo ndilo zuri lake, uzito unafanya nusu ya kazi. Tumia mkaa mgumu. Mkaa laini unarusha cheche, na cheche moja kwenye shati jeupe ni msiba. Ukitaka kuupepea, toka mbali na meza, ibembeze pasi upande upepo unakokwenda, siyo unakotoka. Joto lipime kwa tone la maji: likikaa na kuchemka, bado, likirukaruka na kupotea, tayari. Chini ya pasi pitisha jani la mgomba, iteleze. Wanga wa mihogo uchuje mara mbili kwa kitambaa, la sivyo mteja atakwenda kazini na ugali kwenye kola.

Siku ya kwanza nilisimama nje ya geti la lodge mkaa umewaka, meza imetandikwa blanketi, na sikuweza kuita mtu. Wauzaji wengine wote wanaita. Mwenye vocha pembeni yangu alikuwa na sauti ya kuvusha mto. Mimi nilifungua mdomo mara moja ikatoka pumzi. Jua likapanda. Mkaa ukaanza kuwa jivu.

Nikawaza, kwenye wisti ningesemaje? Nikachukua shati la Kalu, nikapiga pasi nusu. Upande wa kushoto umenyooka kama karatasi mpya, wa kulia nimeuacha na mikunjo yake yote. Nikalitundika kwenye msumari, nikarudi nyuma ya meza nikaangalia chini.

Mhudumu mmoja wa lodge akapita, akasimama. "Hii nayo ni nini? Stima ilipotea ukiwa katikati?" Akacheka peke yake. Kisha akaangalia shati lake mwenyewe, halafu lile la msumarini. Akavua palepale, akabaki na fulana. "Nifanyie haraka, madam asinione."

Hivyo ndivyo biashara ilivyoanza. Lile shati la nusu lilikaa msumarini muda mrefu sana. Kalu alikuwa analiulizia.

Kazi ngumu haikuwa pasi, ilikuwa kujua nguo ni ya nani. Walinzi wa kampuni moja wanavaa sawa kabisa. Nilishika kila moja kama karata iliyotoka: hii ina kifungo cha tatu cha rangi nyingine, hii imeliwa na panya kwenye mfuko, hii mwenye nayo anatoa jasho upande mmoja tu, sijui kwa nini, sikuuliza. Pia angalia mtu anachokizuia. Mteja anayesema "sina haraka" huku mguu unagongagonga, huyo mfanyie kwanza. Anayepiga kelele ya haraka ataenda kunywa chai na atasahau. Na siku ya Ijumaa usipokee suti ya harusi ya mtu ambaye bwana harusi ni yeye mwenyewe. Atakusimamia juu ya kichwa.

Madam Nyambura alikuja kabla mvua hazijaanza. Ni Mkenya, msimamizi wa usafi wa lodge, mtu wa Nyeri, anatembea kama amechelewa. Alikuwa amegundua wahudumu wake wamekuwa nadhifu bila yeye kugomba, akashuku. Akasimama mbele ya meza, akainua kola niliyoimaliza.

"Nani alikufunza kola?"

"Hakuna."

"Inaonekana. Wewe unaongea ama unanong'onezea nguo? Lete hiyo pasi."

Akanionyesha. Kola inaanzwa kwenye ncha kuelekea katikati, upande wa ndani kwanza, la sivyo mikunjo inakimbilia kwenye ncha na inabaki pale. Akafanya moja, akanipa ya pili nifanye, akaikataa, nikarudia, akaikataa tena. Ya nne akaiweka bila kusema kitu. Nikajua nimepita. Wiki iliyofuata alinipa yunifomu zote za lodge. Nilifikiri Torit imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Shule zikiwa zimekaribia kufunguliwa, akaja Okello.

Okello ni Mganda wa Gulu, mtu mzima, alikuwa fundi cherehani zamani. Alikuja na pasi ya mvuke, ya umeme, yenye tangi lake la maji. Mwenye lodge akampa kona ndani, karibu na jenereta. Mimi nje na jivu langu, yeye ndani na mvuke. Alinisalimia siku ya kwanza kwa heshima kabisa, na hilo lilinikera zaidi.

"Dada, mimi iko na mashine, wewe iko na moto. Hakuna ubaya. Kila mtu iko na ya kwake."

Madam Nyambura akaniambia ukweli, yeye hajui kuzungushia mtu. Mwenye lodge anataka mtu mmoja tu. Jumamosi kuna sherehe ya harusi, wahudumu wote wa ukumbini watavaa mashati meupe na vizibao vyeusi juu, vile visivyo na mikono. Nusu nitapewa mimi, nusu Okello. Atakayefanya vizuri anabaki.

Nyumbani nilikuta Haboba ameshatoa begi langu juu ya kabati, analipangusa vumbi.  

Kalu Wani alifurahi kama ameambiwa ni mashindano ya Krismasi. "Sikiliza. Yule karata yake kubwa ni ile mashine. Na mashine inakula jenereta. Jenereta ya lodge unaijua?"

Naijua. Kila mtu Amarat anaijua, inakohoa kuliko Kalu.

"Basi wewe usimguse. Piga zako polepole, safi. Ikizima, umemla."

Jumamosi nikafika asubuhi, nikawasha mkaa mwingi kuliko siku zote. Okello alinitangulia, amevaa tai kabisa. Aliendelea vizuri. Mashati yake yalikuwa mazuri, nasema ukweli, mishono yote imekaa mahali pake, huyo ni fundi. Mimi nilikuwa nyuma kidogo. Halafu jenereta ikapiga mshindo mmoja, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Mtu wa jenereta akaja, akafungua kifuniko, akaangalia, akafunga tena. Kwa fundi ninayemjua, ukiona amefunga bila kugusa kitu, kalas, imekwisha.

Okello alikuwa na mashati mengi yamebaki. Ameyanyunyizia maji yote mapema ili yawe tayari kwa mvuke, sasa yanamlia mikononi. Hakuja kuniomba. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akafungua tai yake, akaiviringa polepole akaitia mfukoni.

Hapo ndipo nilipotakiwa kupiga zangu polepole, safi. Nilipiga shati moja. Nikapiga la pili. Nikamwona mhudumu mmoja anapita, amejichukulia shati langu mapema, limenyooka, nyuma yake mwingine amevaa shati la Okello lisilopigwa, lina mikunjo, wamebeba meza moja wawili. Nikawafikiria ukumbini wamesimama hivyo mstari mzima, mmoja amenyooka, mmoja amekunjamana, mmoja amenyooka. Ilikuwa ni lile shati langu la nusu. Lakini safari hii hakuna mtu angecheka, na hakuna mgeni angeuliza nusu nzuri ni ya nani. Angesema lodge hii ni chafu. Na mwenye lodge angetufukuza wote wawili.

Nilikuwa nimekaa wiki nzima nacheza kadi, kila mtu peke yake, wakati karata zilikuwa zimeshakatwa. Mwenzangu ndiye yule pale kwenye ndoo.

Nitasema ukweli, sikuenda kwa moyo mwema. Nilienda kwa hesabu. Na hata kwa hesabu, kutoka mezani kwangu mpaka kwake nilirudi njiani mara moja.

"Okello," nikasema. Sauti haikutoka. "Mzee Okello. Lete."

"Lete nini?"

"Mashati."

Akashika lile la juu. "Wewe unajua ukipiga yangu, yako itachelewa? Watasema ni wewe umeshindwa."

"Najua. Yako yana maji. Pasi ya mkaa inapenda maji."

"Na mimi nikae hapa niangalie?"

"Kunja. Weka wanga. Nipe mikono kwanza, mgongo mwisho."

Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa Amarat. Baada ya hapo hatukuongea. Haikuhitajika. Alinipa shati la kwanza likiwa limelala vibaya, nikaligeuza. La pili akalileta limeshageuzwa. Nikisogeza pasi kushoto anaweka kola, nikirudi kutoka kupepea mkaa nakuta ameshafungua vifungo vya shati linalofuata na anafunga vya lile lililokwisha. Anachotoa yeye ndicho ninachokihitaji mimi. Nimecheza na Kalu miaka, na Kalu bado huwa ananitupia maua wakati naomba kopa. Huyu mzee hakukosea hata mara moja.

Madam Nyambura alikuja saa ya kukusanya, akatukuta meza moja.

"Hii ni nini sasa? Niliwapa nusu nusu. Za nani ni zipi?"

Okello akaniangalia, mimi nikaangalia mkaa.

"Madam," Okello akasema, "hapa hakuna za nani. Zote iko hapa."

Akainua kola moja. Akainua nyingine, ya chini kabisa. Akatafuta mpaka akakosa cha kukataa, na mtu wa Nyeri kukosa cha kukataa ni jambo. "Sasa mimi nitamwambia mkubwa nini? Aliniambia nimletee jina moja."

 Akabeba mashati akaenda, anaongea peke yake kwa Kikuyu.

Sijui alimwambia nini mwenye lodge. Jumatatu tulikuta meza yangu imeingizwa ndani, kwenye kona ya Okello. Umeme ukiwepo tunatumia mvuke, ukikosekana tunatumia mkaa. Kalu Wani aliposikia alikasirika siku mbili. "Ulikuwa umemla!" alisema. "Umemla kabisa, halafu unamrudishia karata mkononi!" Nikamwambia nilikatiwa naye, awe mwenzangu. Akafikiria. Akaniuliza, "Ulikatiwa na nani?" Nikamwekea chai.

Haboba alirudisha begi juu ya kabati. Nilisikia tu kabati likilia. Shule zilipofunguliwa niliingia Senior Three, nikawa napiga pasi mchana nikitoka darasani na siku nzima ya Jumamosi. Mwaka ukaisha hivyo, na kuhusu mwaka huo hakuna la kueleza, ni kola tu.

Sasa ni Senior Four, masomo yamekuwa mengi, ndiyo nimestaafu. Okello hakupendezwa na mtu niliyemletea. "Huyu Poni iko na maneno mingi sana," ameniambia. "Tangu asubuhi. Hata pasi imechoka." Nimemwambia avumilie, Poni anaita wateja mpaka barabara ya pili, kitu ambacho sisi wawili hatukuweza.

Jumatatu asubuhi nikakuta yunifomu yangu ya shule imetundikwa mlangoni. Poni ameamka kabla yangu, amenipigia pasi kwa siri. Kwenye mkono wa kushoto ameweka mistari miwili badala ya mmoja, sambamba kama reli, na kola ameianza katikati. Haboba alikuwa amesimama pale, anaangalia mkono, ananiangalia mimi, anasubiri.

Pasi ilikuwa bado ya moto, kurudia ningeweza. Nikavaa, nikafunga vifungo, nikaenda shule.